Mbuzi Wanne na Shahada ya Kwanza

Jumatatu, 12 Agosti

Nimeamua. Nitakuwa wakili. Uamuzi huu niliufanya nikiwa darasa la tano, lakini leo nimeufanya upya, kwa utulivu, nikiwa nimekaa juu ya ndoo nyuma ya nyumba yetu hapa Nzuguni, kichwani nimevaa kofia niliyogawiwa bure kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Kofia ina nembo ya mbolea. Si neno.

Kikwazo ni kidogo. Matokeo yangu ya kidato cha sita yanatosha kusomea karibu kila kitu isipokuwa sheria. Wengine wangekata tamaa. Mimi naona mlango wa mbele ukifungwa, mtu mwenye akili anapitia uani. Nitasoma kwanza shahada nyingine, halafu nitaingia kwenye sheria nikiwa tayari msomi kamili, na hao waliotangulia watanipisha. Limebaki swali moja tu. Shahada ipi? Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nilimuuliza Wakili Frida, mpangaji wa nyumba ya mbele. Akaniambia, mdogo wangu, chagua somo unalolipenda, ulisome vizuri, uzoee kusoma maandishi marefu na kuandika kwa ufasaha, basi, sheria itakukuta umejiandaa. Nikamshukuru. Nilipofika mlangoni kwangu ndipo nikaelewa. Anaficha! Iko shahada moja maalumu inayotengeneza mawakili, na walioisoma hawataki tuongezeke.

Dada Restuta, mtoto wa mama mkubwa anayeishi nasi, naye ana mpango wa kusoma sheria baadaye. Amechagua Kiswahili na historia kwa sababu anavipenda. Aliamua huku anachambua mchele, na hakuacha hata kuchambua. Maombi ameshatuma. Namsikitikia sana.

Jumatano, 14 Agosti

Mungu hamtupi mja wake. Mjomba Bartolomayo, kaka yake mama, ameingia kwetu asubuhi akitokea Hombolo, ana hasira na kapu la majani yaliyotafunwa. Mbuzi wanne wamepita kwenye pengo la uzio wake wa minyaa, wakaingia shamba la zabibu mavuno yakiwa karibu kabisa, wakala majani na vichala vya safu nzima ya upande wa korongo. Mbuzi wenyewe wanalala kwenye zizi la Mzee Hasani, mzee wa Kondoa aliyehamia Hombolo zamani. Shauri litasikilizwa Jumatatu ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mjomba alikuja kumlilia dada yake tu. Mimi nikaona mbali. Kwenye kesi hii nitajaribu shahada moja baada ya nyingine, na itakayoshinda ndiyo nitakayoijaza. Vijana wengine wanachagua kozi kwa kufuata marafiki. Mimi nitachagua kwa ushahidi.

Nikamtangazia mjomba kwamba nitakuwa msemaji wake. Akanitazama, akaitazama kofia, akakubali, maana yeye akisimama mbele za watu anapata kigugumizi.

Mama alikuwa anapeta mtama. Ungo ukamponyoka. Akauliza ni mbuzi wa namna gani. Mjomba akasema mmoja ni beberu mweusi mwenye sikio lililochanika, mwingine jike mweupe, na majike wawili wa madoa. Mama akainama kuokota mtama punje moja moja, akasema mambo kama haya majirani huyamaliza kwa kuombana radhi, hakuna haja ya kufika ofisini. Nimeelewa. Mama hana imani na kipaji changu. Imeniuma kidogo.

Ijumaa, 16 Agosti

Zamu ya saikolojia. Nimekwenda Hombolo kuichunguza nafsi ya mshtakiwa.

Nilianza na eneo la tukio. Pengo lipo, upana wake ni wa mbuzi mnene. Mjomba anaahidi kuliziba tangu Pasaka, lakini hilo si la kulisema mbele ya mwenyekiti. Nikavunja kijiti cha minyaa kiwe kielelezo, halafu nikajifuta jasho usoni. Kila mtoto wa Dodoma anajua utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni balaa. Mimi pia najua. Nilikuwa nawaza mambo makubwa.

Nilifika kwa Mzee Hasani nalia, jicho moja limejifunga. Nikaamkia shikamoo, marahaba ikanijia kutoka upande mwingine, kumbe nilikuwa nauamkia mlingoti wa zizi. Mkewe, Bibi Mwajabu, aliniosha jicho kwa maji mengi, akanipa kikombe cha maziwa ya mbuzi. Mzee akaniuliza habari za mama, akamtaja kwa jina, Raheli. Akauliza mambo ya chuo yamefikia wapi. Akasema wananiombea dua. Yote nimeyatunza kichwani kama jaribio la kumlainisha wakili wa upande wa pili. Nilikunywa kikombe cha pili ili ushahidi uwe mzito.

Kisha nikamgeukia ghafla nikamuuliza kuhusu mbuzi. Akasema hao wanne si wake, wanatunzwa tu kwake. Ni amana. Nikauliza, amana ya nani? Akacheka kwa upole. “Amana haitangazwi, mwanangu. Mwenyewe akitaka kusema, atasema.”

Ni kweli huku kwetu watu wengi wanalaza mifugo kwa wenzao. Mmoja hana nafasi, mwingine anakwepa ndugu wenye mikono mirefu, na anayetunza anafunga mdomo mpaka kaburini. Lakini nijuavyo mimi, saikolojia inasema mtu anayekataa kujibu huku anatabasamu ana hatia. Mzee wa watu, nikamwonea huruma kwa namna nitakavyomsambaratisha.

Hata hivyo, saikolojia inahitaji macho mawili. Nimeikata.

Jumapili, 18 Agosti

Uchumi. Baada ya ibada nilimkuta mjomba ameshapoa. Anasema Mzee Hasani akija wakaliziba pengo pamoja, akaomba radhi, kwake yamekwisha. Mwaka jana mkokoteni ulipovunjika njiani, ni mzee huyo huyo aliyebeba zabibu zake mpaka barabarani, na hakutaka hata kichala kimoja.

Huu ndio udhaifu wa watu wasiosoma uchumi. Nikamketisha. Nikamweleza kwamba zabibu iliyoliwa si zabibu tu, ni mvinyo. Mvinyo ni harusi. Harusi ni watoto, na watoto wakikua ni wateja wa zabibu. Kwa hiyo mbuzi wale hawajala safu moja, wamekula kizazi. Fidia ya kizazi ni mbuzi wote wanne, hapungui hata mmoja. Mjomba akajikuna kichwa, akaomba nirudie pale kwenye harusi. Niliporudia nikapotea kidogo hata mimi, lakini yeye alikwisha kuanza kuwaona mbuzi wanne zizini kwake, na hakuuliza tena.

Nyumbani Wakili Frida alikuwa anaanika nguo. Nikamweleza mkakati. Akauliza jambo moja tu, mbuzi ni wa nani? Akasema kabla hujamkamata mtu jua kwanza mali ni ya nani, usije ukarusha jiwe gizani. Swali la kitoto. Mbuzi ni wa yule aliyenaye. Nilishangaa mtu amefikaje kuwa wakili na maswali ya aina hiyo.

Jioni mama alipika ugali na mlenda, sahani yangu ikiwa imejaa kuliko za wengine. Akaja kukaa karibu yangu, jambo asilolifanya siku za kazi nyingi. “Zablon mwanangu,” akasema, “waache hao mbuzi.” Nikamuuliza sababu. Akasema, basi tu, akaniongezea mlenda. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hata nikiwa maarufu sitamsahau. Akaondoa sahani kabla sijamaliza kula.

Jumatatu, 19 Agosti

Ushindi! Ushindi mtupu! Naandika na mkono bado unanukia nyama.

Ofisi ilijaa. Mwenyekiti, Mama Priska, aliketi nyuma ya meza yake na miwani puani. Mzee Hasani alikuja na kanzu safi. Mama, ambaye hupika chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa ofisi moja mjini na hakosi kazini hata akiwa na homa, leo aliomba ruhusa akaja na Restuta, wakakaa benchi la nyuma. Niliguswa moyoni. Nikajua amekuja kuona alichozaa.

Nilifungua kwa uchumi. Nilipofika kwenye harusi, Mama Priska aliniomba nirudi shambani. Uchumi ukafia hapo. Ndipo nikaiteremsha falsafa, ambayo niliisoma jana kwenye kijitabu cha chuo nilichookota Nane Nane, kurasa mbili. Nikasema hivi. Kitu ambacho mwenyewe hatajwi, je, kina mwenyewe? Na kama hakina mwenyewe, nani ataumia kikichukuliwa? Na kama hakuna atakayeumia, ubaya wa kukichukua uko wapi? Mzee mmoja karibu na dirisha akasema kijana huyu amesoma.

Mama Priska akamtaka Mzee Hasani amtaje mwenye mbuzi ili aitwe naye asikilizwe. Mzee akatazama benchi la nyuma, kisha akatazama chini. Akasema amekabidhiwa, hawezi kumtaja. Kama mbuzi watachukuliwa, yeye atamrudishia mwenyewe kutoka kwenye zizi lake, hata akibaki na kamba tupu. Watu wakaguna kwa huruma. Mimi nikaandika kwenye kiganja: mshtakiwa amebanwa.

Mama Priska akauliza kama humo ndani yupo mtu anayemjua mwenye mbuzi. Mama akasimama.

Hatari niliiona mara moja. Nikanyoosha mkono nikapinga kwa sauti ya juu kwamba mzazi wa msemaji haruhusiwi kutoa ushahidi, itaonekana upendeleo. Sikujua kama sheria ya hivyo ipo. Lakini niliisema vizuri mno, na Mama Priska akamwomba mama akae kwanza. Mama akakaa. Restuta alinitazama kwa jicho ambalo nimelitafsiri kuwa la wivu.

Uamuzi ukatoka kwamba mbuzi wote wanne wapewe mjomba. Walipofika tu kwake, akachinja yule jike mweupe tusherehekee. Nilikula maini, nikala mbavu, nikanywa supu bakuli mbili. Mama alipofika kwa mjomba hakula kitu, alisema tumbo linamsumbua. Falsafa imeshinda. Shahada nimeipata.

Jumanne, 20 Agosti

Mbuzi walikuwa wa mama.

Mama alinieleza asubuhi, amekaa kwenye kigoda, hakupaza sauti hata mara moja. Marehemu baba aliacha mbuzi jike mmoja. Nzuguni ilipojaa nyumba na kukawa hakuna pa kuchungia, mama akampeleka kwa Mzee Hasani, na huko akazaa. Alikuwa anawatunza kwa ajili ya ada yangu ya chuo. Ndugu hakuwaambia, maana mjomba akijua dada yake ana mbuzi haishi kuomba wa sikukuu. Mimi haniambii mambo ya mifugo tangu ule mwaka niliouza kuku wake wote ili tufuge kware, na kware wakaruka siku ya pili. Alimwambia Mzee Hasani asinitajie hata nikilia. Na kweli nililia mbele yake, kwa ajili ya minyaa, wala hakunitajia.

Jana baada ya kuambiwa akae, alikuwa anatafuta namna ya kumweleza kaka yake bila kumvunjia heshima mzee mbele za watu. Alipoyapata maneno akakuta mbuzi ameshachunwa.

Kwa hiyo nilikula ada yangu. Na niliomba niongezewe supu.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Sikujua pa kuyaweka macho. Nikalia, na leo hakukuwa na minyaa. Mama akanipa upande wa kanga nijifute, akasema nisijifute sana, kanga ni mpya.

Mchana mjomba akaja mbio na mbuzi watatu waliobaki, kigugumizi kimemshika hata mbele ya dada yake. Nyuma yake Mzee Hasani, anamvuta mbuzi jike mweupe wa zizini kwake afidie yule aliyeliwa. Mama akakataa. Akasema, “Alichokula mwanangu nimekula mimi.” Mzee akasema amana ni amana. Walibishana kwa adabu mpaka chai ikapoa. Mwishowe mzee akaondoka na mbuzi wake, na mjomba akamfuata, wameahidiana kwenda kuliziba lile pengo pamoja. Akiwa anatoka, mzee aliniwekea mkono kichwani, juu ya kofia, akasema nina sauti nzuri.

Mama amesema watatu waliobaki wakiuzwa watanifikisha mwaka wa kwanza, mengine tutayaona mbele ya safari. Ila niombe kabla dirisha halijafungwa, na hatauza hata mmoja mpaka aone nimechaguliwa. Ameshawahamishia kwa mtu mwingine. Nilimuuliza ni nani. Akasema amana haitangazwi.

Jioni nilianza kupata nafuu. Nililitazama jambo lenyewe kifalsafa. Familia yetu ilikuwa pande zote mbili za kesi, na upande mmoja ukashinda kwa kishindo. Sijasikia wakili mwingine aliyewahi kufanya hivyo kabla hata ya kuingia chuo.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimejaza. Falsafa, chaguo la kwanza. Chaguo la pili falsafa pia, lakini mtandao ukakataa, nikaweka uchumi kwa heshima ya mjomba.

Wakili Frida alinisaidia kupakia vyeti. Kabla sijabonyeza, akaniuliza nimejifunza nini kwenye ile kesi. Nikajibu bila kusita kwamba mbuzi ambaye mwenyewe hatajwi anaweza kuchukuliwa na yeyote anayejua kuzungumza. Kisha akaniuliza kama naipenda falsafa, au naipenda kwa sababu ilishinda. Sikuona tofauti.

Restuta amekwisha kujibiwa kwamba maombi yake yako sawa, na anasoma kitabu kinene alichoazima kwa Wakili Frida. Anasoma kila siku baada ya kuosha vyombo. Nilimwonea huruma nikamweleza kwa ufupi falsafa ni nini. Akaniuliza, “Sasa mama yetu aliumia au hakuumia?” Nikamwambia hilo ni swali la mwaka wa tatu.

Jumapili, 25 Agosti

Bahati haiji na barua. Leo mchana Mwalimu Gladness wa Chamwino alifika kumtafuta Wakili Frida, akakuta mlango umefungwa. Nikamkaribisha kivulini, nikavaa kofia, nikamwambia kwamba Wakili Frida hayupo ila ofisi ipo wazi.

Masikini mama wa watu! Ana bustani ya mchicha na miche ya mizabibu ambayo ndiyo anayoitegemea. Alhamisi mbuzi watatu wageni wameingia wakafyeka kitalu kizima. Wanatunzwa kwa bibi mmoja jirani yake, tena wameletwa juzijuzi tu, na bibi huyo anakataa katakata kumtaja mwenyewe. Anasema ni amana.

Damu ilinichemka. Nikamuuliza kama mbuzi wana alama. Akasema wawili ni majike wa madoa, na wa tatu ni beberu mweusi, mkorofi, sikio lake limechanika. Nikatikisa kichwa. Sikio kama hilo nimewahi kuliona Hombolo. Inaonekana ni ukoo mzima wa mbuzi wahalifu, na umefika mpaka Chamwino.

Bibi anayewatunza ameomba yaishe kwa kuombana radhi na kupanda miche mipya. Mwalimu Gladness alikuwa karibu kukubali. Nimemzuia. Nimemweleza ile hoja ya kitu ambacho mwenyewe hatajwi, akaona mwanga, na amenikabidhi shauri lote. Linasikilizwa Jumatano. Simdai chochote, nafanya kwa faida ya taaluma.

Mama alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Sasa amekaa sakafuni, ameshika kichwa kwa mikono miwili, na Restuta anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Nadhani ni furaha. Mwalimu Gladness nimemsindikiza mpaka barabarani, nikamsisitizia asikubali radhi ya mtu, adai mbuzi wote watatu.